Anza na ng'ombe: namna ya kuichimba historia ya bonde la Lötschental

Bibi mmoja niliyemhudumia kwenye nyumba ya wazee hapa Visp alikuwa na kopo la biskuti chini ya kitanda chake. Biskuti hazikuwamo. Mlikuwa na kadi za marehemu, zile ndogo za kiganjani ambazo Wakatoliki wa huku huzigawa baada ya mazishi: picha ya mtu, jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa, sala fupi. Jioni alizimwaga kitandani akaanza kuzipanga kama mtu anayecheza karata peke yake. Nilidhani anazipanga kwa miaka. Wapi! Alizipanga kwa kufuata mto: juu Blatten, kisha Wiler, kisha Kippel, chini kabisa Ferden. Akimaliza, bonde zima la Lötschental limetandikwa juu ya blanketi.

Mimi ni Mchagga wa Marangu, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Uswisi, katika jimbo la Valais. Ndugu na marafiki wakija kutembea hutaka Zermatt, wapige picha na Matterhorn, warudi. Sawa. Lakini kila kundi lina mmoja anayeniuliza, "Hivi hawa watu waliishije huku kabla ya barabara?" Maelekezo haya ni ya huyo mmoja. Nitatumia Lötschental kwa sababu ndilo ninalolijua. Kwingine Valais utabadilisha majina tu.

Kwanza, panda treni ya taratibu

Kutoka huku kwenda Bern kuna reli mbili. Ya haraka inapita kwenye handaki la kilomita 34.6 lililofunguliwa 2007. Ya zamani inaanzia Brig, mji wa jirani, inakwea ubavuni mwa mlima na kusimama Goppenstein. Unayoitaka ni hiyo ya zamani. Siku yangu ya kwanza nilipanda ya haraka, nikakaa na begi mapajani nikisubiri watangaze Goppenstein, nikashtukia niko Spiez, kando ya ziwa, upande wa pili wa milima. Bonde lote nililokuwa nalifuata nilikuwa nimelipita kwa chini.

Goppenstein ni korongo, si kijiji. Usivunjike moyo. Panda basi la njano la posta, na linapoingia bondeni kaa dirishani uangalie jambo moja tu: nyumba ziko upande gani wa mto. Mto unaitwa Lonza. Utaona vijiji vyote vinne vimejibana upande mmoja, ule unaopata jua. Upande wa pili, chini ya mlima Bietschhorn wenye mita 3,934, ni msitu na mawe. Kwetu Kilimanjaro watu walifuata maji. Hawa walifuata jua, maana kivulini theluji inachelewa kuyeyuka na shayiri haiwahi kukomaa. Hapo umeshasoma ukurasa wa kwanza na hujashuka kwenye basi.

Uliza habari za ng'ombe

Ukikutana na mzee wa bonde usimuulize historia. Neno hilo linawafunga midomo, wanakuelekeza makumbusho. Muulize hivi: "Mlikuwa na ng'ombe wangapi, na majani ya msimu wa baridi mlikata wapi?" Kisha kaa chini, maana hutaondoka karibuni.

Sababu ni hii. Kuanzia vuli mpaka majira ya kuchipua ng'ombe wako ndani ya zizi, wanakula majani makavu. Mchagga hahitaji kuelezwa. Mama zetu wamebeba majani kichwani kutoka tambarare maisha yao yote. Kiangazi ng'ombe hupandishwa kwenye malisho ya juu, ambayo si ya mtu mmoja, ni ya kijiji au ya ushirika wa wenye hisa. Sasa kitu gani kinamzuia tajiri asinunue ng'ombe ishirini mwezi wa sita, awanenepeshe bure kwenye malisho ya wote, halafu awauze mwezi wa tisa? Jibu lililo maarufu kuliko yote limo katika hati za Törbel, kijiji kilichoko juu ya bonde la jirani, ng'ambo ya mto Rhône. Mwaka 1483 wanakijiji walitia saini hati ya kusimamia malisho yao. Mwaka 1517 wakaandika kwamba hakuna ruhusa ya kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko wale unaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Ukizidisha, faini.

Itafakari sheria hiyo polepole. Inasema haki yako juu ya mali ya wote inapimwa kwa jasho lako kwenye shamba lako mwenyewe. Huna shamba la majani, huna ng'ombe malishoni. Mgeni akija na fedha tupu, fedha hazili majani. Ugomvi wa mipaka, ndoa nyingi, hata chuki za koo mbili utakazosikia zikisimuliwa Kippel leo, ukifukua chini yake utakuta majani makavu.

Yule bibi wa kadi nilipomuuliza alinihesabia kwa vidole: vipande kumi na kimoja, vingine vikubwa kama sebule. Kumi na kimoja! Nikamuuliza kwa nini wasingeviunganisha. Akasema baba akifa kila mtoto alipata sehemu sawa, wa kike na wa kiume, na hakuna aliyekubali kupewa jiwe huku mwenzake akipewa udongo, kwa hiyo kila kipande kilikatwa. Nyumba pia zilikatwa: ghorofa ya kaka, ghorofa ya dada, robo ya ghala. Nilipomwambia kwamba kwetu, kwa desturi, kihamba cha nyumbani, yaani shamba la migomba la ukoo, humwangukia mtoto wa kiume wa mwisho, alinitazama muda mrefu kisha akasema, "Na wewe ukapata nini?" Nikamjibu, "Nauli."

Ukienda makumbusho ya bonde, yapo Kippel, usikimbilie vinyago. Watu wote wanakimbilia vinyago. Tafuta kwanza vijiti vya mbao vinavyoitwa Tesseln. Vinaonekana kama kuni, na hiyo ndiyo sababu watu hupita bila kuviona. Kila nyumba ilikuwa na alama yake ya kuchonga kwa kisu: msalaba, mguu wa kuku, mistari miwili na nukta. Alama hizo zilichongwa kwenye kijiti kuonyesha zamu ya nani kumwagilia maji ya mfereji, hisa ya nani malishoni, kazi ya nani ya kijiji haijafanywa. Daftari lisilohitaji kalamu wala mtu aliyesoma. Pale ndipo nilipokumbuka zamu za mfongo wetu, yaani mfereji wa maji wa Kichagga, na mzee wa mfongo aliyekuwa akizishika zote kichwani bila kijiti chochote.

Soma nyumba, lakini usiamini boriti

Nyumba za zamani ni za magogo ya mlarikisi, mti unaotoa utomvu mwingi na ambao jua huugeuza rangi mpaka ukawa kama kahawa iliyoungua. Majengo madogo yaliyoinuliwa juu ya miguu ya mbao ni maghala ya nafaka. Angalia juu ya kila mguu: kuna jiwe pana la mviringo kama sahani. Hilo ni kwa ajili ya panya. Anapanda mguu vizuri, anafika kwenye jiwe, anatakiwa atembee kichwa chini, anashindwa, anarudi. Inama uliguse, nafaka yote ya mwaka mzima ilitegemea ukingo wa lile jiwe.

Ndani ya nyumba, boriti kuu ya dari huchongwa jina la mume na mke waliojenga, mwaka, na maneno ya kumwomba Mungu. Hapa ndipo nilipoaibika. Niliona boriti yenye mwaka 1687, nikapiga picha, nikaandika kwa mbwembwe kwamba nyumba hii imesimama hapa zaidi ya miaka mia tatu. Bibi akacheka mpaka akakohoa. Nyumba za magogo hufunguliwa kama kitanda na kuhamishwa. Ndugu wakigawana, au theluji ikitisha, au mtu akinunua magogo ya jirani, jengo linabomolewa gogo kwa gogo, linatiwa namba, linasimamishwa kwingine. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa ni wa boriti. Tafuta namba za Kirumi zilizochongwa pembeni, pale magogo yanapokutana. Ukiziona, huenda nyumba hiyo imesafiri.

Na ukifika Wiler ukashangaa mbona nyumba kongwe ni chache, ni kwa sababu kijiji kiliteketea kwa moto mwaka 1900. Kijiji cha mbao chenye majiko ya kuni na majani makavu kila ghala, cheche moja inatosha.

Makaburini hutapata wazee

Mswahili akitafuta ukoo huenda makaburini. Huku utarudi mikono mitupu. Makaburi ya Kippel, pembeni mwa kanisa la Mtakatifu Martin, yanapendeza, yana misalaba na maua mabichi, lakini hutaona kaburi la kale. Kaburi linakaa miaka ishirini na kitu, kisha nafasi inapewa mwingine. Kwetu babu yupo mgombani, na ukiuza shamba unauza na kesi. Hawa, ardhi ni haba hata kwa maiti. Na kumbuka kwamba kwa karne nyingi bonde zima lilikuwa parokia moja, chini ya padri mkuu wa Kippel, kwa hiyo maiti wa Blatten walibebwa mpaka hapa hata kukiwa na theluji.

Basi fanya hivi. Kadi za marehemu ndizo za kwanza. Karibu kila familia ya zamani ina kopo au bahasha yake. Omba kuonyeshwa, usiombe kupewa, na usipige picha kabla hujaruhusiwa. Pili, vitabu vya parokia vya ubatizo, ndoa na vifo. Tatu, daftari za serikali, ambazo nchi nzima zimeanza 1876. Kabla ya hapo rudi kwa padri.

Nne ni kitu ambacho Waswisi wengine wenyewe hawakitumii. Pasipoti ya Mswisi haiandiki alikozaliwa. Inaandika kijiji cha asili cha ukoo wake, hata kama yeye na baba yake hawajawahi kulala huko. Ni lile swali letu la "kwenu ni wapi," ila wao wamelitia muhuri. Kuna orodha ya taifa ya majina ya ukoo, imewekwa mtandaoni, inayoonyesha kila ukoo ulikuwa na uraia katika kijiji kipi mpaka 1962. Andika Rieder, Bellwald, Ebener, Henzen au Ritler uone vinavyorudi kwenye bonde hili. Kisha andika Lötscher, maana yake mtu wa Lötschen. Hao ni waliohama. Katika karne za kati watu wa Valais ya juu walitawanyika kuvuka milima kutafuta ardhi, na wa Lötschental wakaingia bonde la Lauterbrunnen, Mürren na Gimmelwald, huko ambako leo watalii wanajazana. Mwaka 1346 bwana wao, wa ukoo wa Turn, aliwauza hao Lötscher kwa monasteri ya Interlaken, yaani aliuza mamlaka na kodi juu yao. Jina la ukoo la leo lilianza kama alama ya wageni wanaodaiwa.

Kwa mambo haya ya hati, tumia Kamusi ya Historia ya Uswisi. Ni bure mtandaoni kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano. Soma makala ya kijiji kimoja kimoja kabla hujaenda. Ni fupi, zimeshiba.

Njia za kuingia na kutoka

Usikubali mtu akuambie bonde hili lilikuwa limefungwa na dunia. Lilikuwa na mlango wake juu: kipito cha Lötschenpass, mita 2,690. Mchoraji Albert Nyfeler, aliyekuwa akiishi Kippel, aliokota kule juu pinde za mbao katika miaka ya 1930 na 1940. Zilikuwa za Enzi ya Shaba, zimehifadhiwa na barafu. Mwaka 1384 na 1419 watu wa Bern na wa Valais walipigana kwenye kipito hicho hicho. Mwishoni mwa karne ya 17 Bern wakatengeneza njia ya wanyama wa mizigo upande wao, lakini Valais, Wakatoliki, hawakuendeleza upande wao, kwa hofu ya Uprotestanti kuteremka pamoja na mizigo. Njia ikaishia juu.

Reli ilifungua bonde mwaka 1913. Handaki la Lötschberg lilichimbwa na vibarua, wengi wao Waitaliano. Tarehe 24 Julai 1908 baruti ilitoboa chini ya bonde la Gastern, maji na changarawe vikafumuka ndani, wafanyakazi 25 wakafa. Ilibidi wazibe ile sehemu kwa ukuta na kulizungusha handaki. Ndiyo maana halijanyooka, lina kilomita 14.6. Miezi mitano kabla, Februari 29, poromoko la theluji lilikuwa limeshaua watu Goppenstein. Kwa hiyo ukishuka pale kwenye korongo, kabla basi halijaja, simama dakika moja.

Na mto Lonza? Jina lake huenda umelisikia kwenye habari za chanjo. Kampuni ya Lonza ilianzishwa 1897 huko Gampel, mto unapotokea, ili itumie umeme wa maji yake. Leo kiwanda chake kikubwa kiko Visp, na wakati wa korona ndiko ilikotengenezwa sehemu ya kiini cha chanjo ya Moderna. Nusu ya majirani zangu wanafanya kazi pale. Babu zao walikuwa wakikata majani.

Sikukuu, kwa kifupi

Vinyago sasa. Vinaitwa Tschäggättä. Kuanzia mapema Februari mpaka Jumanne ya kabla ya Kwaresma, watu huvaa ngozi za mbuzi na kondoo, kengele ya ng'ombe kiunoni, na kinyago cha mbao chenye meno ya kweli ya mnyama, wakawakimbiza watu barabarani na kuwapaka theluji usoni. Zamani walikuwa vijana wa kiume wasiooa tu. Karne ya 19 padri mkuu aliwapiga marufuku, wakaendelea. Kila mtu atakupa asili yake: wezi wa upande wa kivuli, mizimu, kufukuza baridi. Sikiliza zote, usiandike yoyote kama ukweli. Na vaa nguo usizozipenda.

Mimi ninayoipenda ni ya Ferden, Jumatatu ya Pasaka. Kila kiangazi maziwa ya siku maalumu kutoka malisho matatu, Faldum, Resti na Kummen, hutengwa. Hutengenezwa jibini ya majimaji ya maziwa, wanaiita Ziger, inakaa mpaka Pasaka, kisha inagawiwa kwa mkate na divai kwa kila aliyefika, mwenyeji na mgeni. Nilipewa kipande kama sabuni ya kufulia. Chumvi, harufu kali, inashika ulimini mpaka usiku. Nilikula chote kwa sababu bibi mmoja alikuwa ananitazama.

Ukifika Blatten

Tarehe 28 Mei 2025 barafu ya Birch, ikiwa imelemewa na mawe yaliyoporomoka kutoka mlima Kleines Nesthorn, ilivunjika na kushuka yote kwa pamoja. Karibu kijiji chote cha Blatten kilifukiwa, mto ukazibwa, maji yakapanda kufunika nyumba zilizosalia. Wakazi wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku tisa kabla, na ng'ombe wao. Ng'ombe mmoja aliyejeruhiwa alitolewa kwa helikopta. Mtu mmoja, aliyekuwa nje ya eneo lililofungwa, alifariki.

Kwa anayetafuta historia, hapa kuna adabu. Muulize dereva basi linaishia wapi siku hiyo, ushukie hapo. Usiombe mtu akuonyeshe nyumba yake ilipokuwa. Usipige picha ya mtu anayeangalia. Salimia kwa "Tagwohl," uitikiwe, upite. Kama mtu anataka kuongea ataongea mwenyewe. Na lahaja yao usihangaike nayo; hata wenzangu wa Visp hawashiki kila neno. Ongea Kijerumani cha shule, polepole.

Kazi ya Blatten ifanyie kwenye ramani. Ofisi ya ramani ya taifa, swisstopo, imeweka ramani zake za zamani mtandaoni bure. Kuna kitufe cha miaka unachokivuta, kuanzia 1844 mpaka leo. Kivute taratibu. Utaona ulimi wa barafu kuu ya Langgletscher mwishoni mwa bonde ukirudi nyuma, utaona reli ikitokea, utaona njia ya miguu ikigeuka barabara, majina ya mashamba yakiandikwa kisha yakifutwa. Chapisha kipande cha miaka ya 1880 kwa herufi kubwa, uende nacho kwa wazee, pamoja na penseli.

Nilimpelekea bibi yangu. Alizaliwa Blatten, akaolewa Wiler, na yale mambo ya Mei alikuwa ameshayaona kwenye televisheni bila kusema neno. Alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, akafuata njia kwa ukucha kuanzia kanisani. Alipofika juu kidogo ya kijiji akasimama. "Hapa wamekosea," akasema. "Njia ilipita juu ya ghala. Chini kulikuwa na nyuki wa mjomba." Akanyoosha mkono. Nikampa penseli.